Walicheka kwenye sini ya msiba: jibu kwa edita anayetaka kuwa dairekta, na ukweli kuhusu David Lean

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni dada wa miaka 33, ni edita, nina miaka 9 kwenye hii kazi, nimeediti harusi, matangazo na tamthilia moja ya TV. Mwaka jana nikachukua akiba yangu nikatengeneza filamu fupi ya dakika 24, nimeandika mwenyewe na kudairekti mwenyewe. Siku ya kuionyesha ukumbi ulijaa, lakini ilipofika ile sini mama anapigiwa simu kuambiwa mwanae amefariki, watu wakacheka. Sio mmoja wawili, ukumbi mzima. Baadae mtu mmoja anayeheshimika kwenye tasnia akaandika mtandaoni kwamba edita abaki kuediti. Tangu hapo sijaifungua ile projekti. Rafiki yangu akaniambia nisijisikie vibaya, hata dairekta David Lean wa Uingereza, mkubwa kuliko wote, wakosoaji walimtukana akaacha filamu miaka 14, kwa hiyo hata mimi nikiacha sio aibu. Je ni kweli? Na je, edita anaweza kweli kuwa dairekta au niende chuo miaka mitatu nianze upya? Halafu kuna prodyuza ananipa ofa ya kudairekti filamu nne ndani ya miezi mitatu, hela kidogo, anasema jina litatoka. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Nimeisoma barua yako mara tatu na kilichonigusa zaidi ni hicho kisentensi cha katikati, kwamba tangu siku ile hujaifungua projekti. Hapo ndo pana jambo. Mengine yote, chuo, prodyuza, Lean, nitayajibu, ila naomba tusiisahau hiyo projekti iliyofungwa maana mwisho tutarudi kwake.

Tuanze na hilo la rafiki yako. Kakwambia kwa upendo, lakini hadithi kaipokea nusu na nusu aliyoipokea ndo ile mbaya. Ni kweli David Lean alikaa miaka 14 bila kutoa filamu ya sinema, kati ya Ryan's Daughter ya 1970 na A Passage to India ya 1984. Ni kweli pia alikutana na wakosoaji wakamsema vibaya. Lakini sio kweli kwamba aliacha, na sio kweli kwamba wakosoaji peke yao ndo walimfanya akae kimya. Halafu hadithi inayokuhusu wewe hasa sio ya mwaka 1970 kabisa, ni ya miaka mingi nyuma ambapo Lean, aliyeanza kama edita kama wewe, alikuwa bado dairekta mpya, na watu walicheka kwenye filamu yake kama walivyocheka kwenye yako. Sikutanii, nakuja huko.

Lean alizaliwa Croydon, kusini mwa London, mwaka 1908, kwenye familia ya Waquaker, hawa ni Wakristo wa msimamo mkali kidogo kwenye mambo ya anasa, na nyumbani kwao sinema ilikuwa kitu cha kuogopwa. Filamu yake ya kwanza kuiona alikuwa na miaka 13. Shuleni hakuwa mtu wa kung'aa, mdogo wake ndo alikuwa na kichwa na ndo alipelekwa Oxford, yeye akawekwa ofisini kwa baba yake afanye kazi za uhasibu. Shangazi yake ndo aliyeona kwamba huyu mtoto hasomi vitabu vya mahesabu, anasoma magazeti ya sinema, basi si aende huko huko. Mwaka 1927, akiwa na miaka 19, akaingia studio za Gaumont pale Shepherd's Bush, London. Kazi yake ilikuwa kupeleka chai, kubeba vitu, kupiga kile kibao cha mbele ya kamera. Akapanda taratibu mpaka kwenye chumba cha kuediti, na kufika mwaka 1930 alikuwa anaediti filamu za habari, zile taarifa fupi zilizokuwa zinaonyeshwa sinema kabla ya filamu kuu.

Sasa weka akili hapo kwenye filamu za habari maana hapo ndo chuo chake kilipokuwa. Picha zinaingia, treni imegongana, mfalme amekata utepe, mechi imechezwa, na kesho lazima iwe kwenye sinema. Hakuna kurudia shoti. Unachonacho ndo hicho, tengeneza kitu mtu akielewe na akisikie moyoni. Wewe umeediti harusi miaka 9, unajua ninachosema, mpiga kamera hakupata pete inavyovishwa, wewe unatafuta uso wa mama mzazi akifuta machozi unauweka pale pale na hakuna anayejua kwamba pete haipo. Akili ile ile kabisa.

Baadae akahamia filamu kubwa, akaediti Pygmalion ya 1938, akaediti 49th Parallel ya Michael Powell iliyotoka 1941. Na kudairekti alianza lini? 1942, In Which We Serve, filamu ya wanamaji wakati wa vita, na hata hiyo hakudairekti peke yake. Noël Coward alikuwa ameiandika na anaicheza yeye mwenyewe, lakini kamera hakuijua, akatafuta mtu wa ufundi, akaambiwa kuna edita anaitwa Lean. Toka kubeba chai mpaka jina lake kuandikwa kama dairekta ni miaka 15. Wewe una 9. Siyasemi haya kukufariji, nasema kwa sababu huyo bwana aliyeandika kwamba edita abaki kuediti ama hajui historia au alisahau siku ile. Robert Wise wa Marekani aliiediti Citizen Kane kabla hajawa dairekta, na kwenye tuzo za Oscar za filamu za 1965 Wise na Lean walishindanishwa kwenye tuzo ya dairekta bora, Wise kwa The Sound of Music na Lean kwa Doctor Zhivago. Maedita wawili. Wise ndo akachukua.

Kwa hiyo swali lako la pili jibu ni ndio, tena ndio bila kusita. Ila kuediti hakukufundishi kila kitu, na nitakwambia ukweli kuhusu kilichokosekana.

Kwanza kicheko. Mwaka 1945 Lean alikuwa ametengeneza Brief Encounter, kisa cha mama wa nyumbani na daktari, wote wana ndoa zao, wanakutana stesheni ya treni wakapendana na hawawezi kufanya lolote. Yeye wakati huo ameshaanza kushuti Great Expectations maeneo ya Rochester, kule Kent, karibu na bandari ya wanamaji ya Chatham. Akaomba filamu yake ijaribiwe kwenye sinema ya pale. Watu wakacheka. Kwenye sini za mapenzi, zile nzito, ukumbi ukaangua kicheko. Lean mwenyewe alisimulia kwamba alirudi hotelini usiku ule akiwaza namna ya kuvunja maabara ya filamu aingie akaichome negativu yote, yaani mkanda asili wa filamu. Sasa sikiliza, mwaka 1999 taasisi ya filamu ya Uingereza, BFI, ilipokusanya kura za watu wa tasnia kuhusu filamu 100 bora za Uingereza za karne ile, Brief Encounter ilishika namba 2. Lawrence of Arabia namba 3. Great Expectations, ile aliyokuwa anaishuti wiki ile ile ya aibu, namba 5.

Sasa usije ukatoka hapa ukasema basi watu wakicheka maana yake nimetengeneza kitu kikubwa. Hapana. Mara nyingi wakicheka kuna kitu kimekosewa na kinatafutika. Ngoja nikueleze kicheko kinatokeaje maana hili nimelifundisha miaka mingi na bado naona wanafunzi wanaliogopa badala ya kulichunguza.

Mtu kwenye kiti cha sinema anabeba mzigo wa hisia, na mzigo ule lazima aubebe yeye mwenyewe, usimbebee. Ukimwonyesha mama analia kabla mtazamaji hajapata nafasi ya kuumia, mtazamaji anabaki nje, anamwangalia mtu analia, na mtu anayelia ukiwa nje yake anaonekana wa ajabu. Ukimwingizia muziki wa huzuni kabla ya habari, umemwambia kinachokuja, ameshafika mbele yako anakusubiri, na anayesubiri huwa anachekea. Au shoti imekaa muda mrefu mno kuliko habari iliyobeba, ukumbi mzima unajikuta kimya bila kazi, mmoja akikohoa tu basi. Sijaiona filamu yako lakini nakutabiria ni moja kati ya hizo tatu, na zote tatu ziko kwenye taimulaini, pale unapopanga shoti zako, haziko kwenye kipaji chako.

Angalia Lean alivyofanya kwenye hiyo Brief Encounter. Filamu inaanza kwenye mgahawa wa stesheni, mwanaume na mwanamke wamekaa meza moja, anaingia mama mmoja mwongeaji anayemjua yule dada, anajikalisha, anaporomosha umbea, mwanaume anasimama, anamshika yule dada bega kidogo, anaondoka. Basi. Wewe mtazamaji huoni kitu, unaona mtu kaaga. Halafu filamu nzima inarudi nyuma inakueleza hawa walikuwa nani, na mwisho inakurudisha meza ile ile, mwongeaji yule yule, mkono ule ule begani, na sasa unajua kwamba ndo mara ya mwisho kuonana duniani na hata kuagana hawajaachiwa. Hakuna anayelia kwa sauti. Mimi nimeitazama sijui mara ngapi na ule mkono bado unanivunja. Sini ni ile ile, kilichobadilika ni unachokijua wewe. Hiyo ni akili ya edita, mtu anayejua kwamba maana ya shoti inatoka kwenye shoti zilizoitangulia.

Jiulize basi kwenye ile simu ya mama, kabla simu haijalia mtazamaji alikuwa anajua nini kuhusu yule mtoto? Je, tungekuwa tunajua kwamba amefariki kabla mama hajajua, halafu tukamwona mama anapika, simu inaita, anafuta mikono kwenye khanga taratibu anaifuata? Hapo nani atacheka?

Sasa twende kwenye miaka 14, na hapa ndo nataka uwe makini kwa sababu watu huwa wanaisimulia kama hadithi ya wabaya wa magazeti na shujaa aliyeonewa. Baada ya 1955 Lean alibadilika. Toka 1942 mpaka 1955 alitoa filamu 11, yaani karibu kila mwaka anatoa. Toka 1957 mpaka 1984 alitoa 5 tu. The Bridge on the River Kwai iliyoshutiwa Ceylon, Sri Lanka ya leo, ikachukua Oscar 7, Lawrence of Arabia ya 1962 nayo 7, Doctor Zhivago ya 1965 ikachukua 5. Filamu zikawa kubwa, majangwa, majeshi, miji inajengwa upya kwa ajili ya kamera, na kila moja inameza miaka. Ndo akaja na Ryan's Daughter, kisa kidogo cha dada wa kijijini Ireland aliyeolewa na mwalimu halafu akapenda ofisa wa Kiingereza, akakishuti kama vile ni Lawrence, kijiji kizima kimejengwa kwa mawe kwenye rasi ya Dingle, karibu mwaka mzima wa kushuti, kusubiri dhoruba, kusubiri jua, mpaka sini zingine za ufukweni wakaenda kuzimalizia Afrika Kusini. Zaidi ya masaa matatu.

Wakosoaji wa New York wakamwalika chakula hoteli ya Algonquin. Alidhani ni maongezi ya kawaida. Mmoja, Richard Schickel, akamuuliza imekuwaje mtu aliyetengeneza Brief Encounter akatengeneza uchafu kama huu, na neno alilotumia lilikuwa chafu kuliko hilo. Pauline Kael naye alikuwepo, hakumhurumia. Lean alikuwa na miaka 62, ana Oscar mbili za dairekta nyumbani, na alitoka pale amevunjika kabisa, alisema mwenyewe kwamba ilimfanya ajiulize anaendelea kutengeneza filamu za nini.

Nina maoni yangu kwanini ilimchoma vile. Yule mtoto aliyeambiwa hana akili za kwenda Oxford hakuwahi kuondoka ndani yake, na pale mezani walikaa watu wasomi, watu wa maneno, wanamwambia kile kile alichokuwa anakiogopa maisha yake yote. Wewe nani alikuambia utotoni kwamba huwezi? Sikulazimishi unijibu, ila jiulize, maana huyo bwana wa mtandaoni aliandika sentensi moja tu na wewe ukafunga projekti, huenda sentensi ile ilikuta mlango uko wazi tayari.

Lakini linganisha na jambo lingine lililomtokea mtu huyo huyo miaka 8 kabla. Kwenye Lawrence of Arabia kuna lile badiliko ambalo kila mwalimu wa kuediti anaonyesha, Lawrence ameshika njiti ya kiberiti inawaka, anaipuliza, na papo hapo tuko jangwani jua linachomoza. Kwenye skripti haikuwa hivyo, ilipangwa picha ya kwanza iyeyuke taratibu huku ya pili ikijitokeza. Enzi hizo ule uyeyushaji ulikuwa unafanywa maabara, kwenye meza ya kuediti unachora tu alama kwa penseli ya nta halafu unaendelea, kwa hiyo walipoitazama walikuwa wanaona imekatwa kavu, yaani picha moja inaruka moja kwa moja kwenda nyingine. Anne Coates, edita wake, alikuwa mdogo sana kwa Lean kiumri, na alikuwa amemshauri aende akatazame filamu za vijana wa Ufaransa waliokuwa wanakata kavu kavu bila kuyeyusha. Lean akaenda. Walipoiona ile imekaa kavu wote wawili wakashtuka kwamba hii ndo yenyewe. Lean akamwambia imekaribia kuwa kamili, kaifanye iwe kamili. Coates akaenda akatoa fremu mbili, yaani picha mbili kati ya zile picha moja moja zinazounda mkanda wa filamu. Mbili tu! Na ndo ile tunayoiona mpaka leo.

Umeona? Mtu yule yule, mkubwa, maarufu, anakubali kufundishwa na kijana wake ndani ya chumba cha kuediti, na wala haumii. Halafu mtu huyo huyo anavunjwa kwenye meza ya chakula. Tofauti sio moyo wake. Tofauti ni kwamba chumbani neno linaangukia kwenye fremu na fremu inatolewa, maumivu yanapata kazi ya kufanya. Hotelini filamu imeshatoka, hakuna cha kutoa, neno likashindwa pa kwenda likamwingia yeye. Na wewe ndo kilichokukuta, ulionyesha kazi imeshafungwa mbele ya ukumbi uliojaa bila kuwahi kuionyesha kwa watu watatu wakati taimulaini iko wazi. Najua hivyo kwa sababu kwenye barua yako hakuna mtu hata mmoja aliyeiona kabla. Tena niseme na hili hata kama litauma, wale wa New York hawakukosea kila kitu, ile filamu kweli ni ndogo ndani ya nguo kubwa mno, tatizo lao ni walivyosema na waliposemea.

Na hiyo miaka 14 hakulala. Alizunguka dunia, akaenda visiwa vya Pasifiki akafanya kazi miaka na mwandishi wake Robert Bolt kwenye filamu kubwa ya meli ya Bounty, wakaandika, meli ikajengwa kabisa New Zealand, halafu hela zikaleta matatizo, Bolt akapata kiharusi, mwisho filamu ikafanywa na dairekta mwingine. Mwaka 1979 akafanya filamu ndogo ya TV ya New Zealand kuhusu nanga ya Kapteni Cook. Kwa hiyo kimya kile kilikuwa mchanganyiko, kidonda, ndio, lakini pia hela, ugonjwa wa rafiki, na tabia yake ya kutaka vitu vikubwa tu. Usiniambie kwamba Lean ni ruhusa ya kuacha. Aliporudi 1984 na A Passage to India alikuwa na miaka 76, ameandika skripti mwenyewe, amedairekti, na kwenye orodha ya majina akajiandika tena edita. Edita! Baada ya miaka 40 na kitu. Filamu ikatajwa kuwania Oscar 11, na moja kati ya hizo ilikuwa ya kuediti. Amefariki 1991 akiwa wiki chache tu kabla ya kuanza kushuti nyingine.

Sasa maswali yako ya kazi. Hiyo ofa ya filamu nne miezi mitatu. Lean alikutana na kitu kama hicho miaka ya 1930, Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1927 kwamba majumba ya sinema lazima yaonyeshe kiasi fulani cha filamu za nyumbani, basi watu wakawa wanatengeneza filamu za harakaharaka ili kutimiza hesabu, na Lean aliombwa azidairekti akakataa, akiogopa kwamba filamu mbaya zitammaliza kabla hajaanza. Ungesema basi na mimi nikatae. Ngoja kwanza. Michael Powell, yule ambaye Lean alimweditia 49th Parallel, yeye alizipokea, akazifanya zaidi ya 20, akajifunza kazi humo humo na akawa mmoja wa madairekta wakubwa wa nchi ile. Lean aliweza kukataa kwa sababu kuediti kulikuwa kunamlisha vizuri. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni je, kwenye hizo nne, utaruhusiwa kuingia chumba cha kuediti mwenyewe na kusema mwisho wa filamu uko hapa? Ukiruhusiwa, chukua mbili sio nne, miezi mitatu kwa nne hata kulala hutalala, na utajifunza kukosea. Usiporuhusiwa, hapo unauza jina lako na yeye anabaki na kila kitu. Mkataba wowote, hata wa ukurasa mmoja, mpelekee mwanasheria ana kwa ana akusomee kabla hujasaini, hasa vipengele vya haki za filamu na malipo yanalipwa lini. Usinitumie mimi picha ya mkataba, mimi sio mwanasheria na nitakupoteza.

Chuo. Kama una nafasi na hela, TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, au KIMC, chuo cha mawasiliano ya umma cha Nairobi, sio kupoteza muda, utapata wenzako na wenzako ndo watakaokuajiri baadae. Lakini kuanza upya miaka mitatu kwa ajili ya kamera na kuediti, kwa uzoefu wako, naona ni mzunguko mrefu. Kinachokupungukia, na kilimpungukia Lean pia, ni waigizaji. Kwenye In Which We Serve waigizaji walishikwa na Coward, Lean alishika kamera, alikuwa anawaogopa, na mpaka uzeeni kuna waigizaji waliogombana naye kwa sababu alikuwa anawatazama kama picha kwanza, watu baadae. Edita huzoea watu ambao wameshaigiza, wamelala kwenye klipu hawabishi. Kwa hiyo tafuta kundi la maigizo hapo mjini kwenu, omba ukae kwenye mazoezi yao miezi miwili, hata kwa kuwapelekea chai. Tazama mtu anavyoambiwa kitu kidogo na sini nzima ikageuka. Hicho huwezi kukipata kwenye kompyuta wala kwangu.

Na jambo moja ambalo si la filamu. Umesema hujaifungua projekti tangu mwaka jana, hukusema unalalaje. Kama usingizi umekimbia, chakula hakipiti, au unajikuta unawaza kwamba bora usingekuwepo, hapo usisubiri jibu la mwalimu wa kuediti, nenda hospitali ukaonane na daktari au mshauri nasaha, mwambie na mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini, leo.

Kama ni maumivu ya kazi tu, basi fanya hivi. Jumamosi hii ifungue. Usiangalie filamu nzima, nenda moja kwa moja kwenye ile simu, toa muziki wote, toa shoti ya kwanza ya mama akilia, usiifute, isogeze tu pembeni, halafu tafuta kwenye klipu ulizozitupa shoti yoyote ya mama kabla hajajua kitu, hata kama anakuna kichwa akisubiri uanze kurekodi. Iweke kabla ya simu kulia. Mwite edita mwenzako mmoja, akae kiti cha pembeni yako, ana kwa ana, usimtumie linki, na usimwangalie yeye usoni wakati anatazama, angalia mikono yake. Ikitulia, punguza fremu mbili, mwonyeshe tena.